Neno Linalobebeka: Jinsi ya Kusema Mbele za Watu

SOMO LA FAMILIA NA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Andiko la kusoma: Hesabu 27:1-11

Lengo la somo: Kila mmoja wetu ajifunze kusema mbele za watu kwa namna ambayo msikilizaji ataweza kulichukua neno lake na kulifikisha mbali.



Katika maisha yetu ya ukimbizi, ni wachache sana ambao hawajawahi kusimama mbele za watu. Mzee wa kanisa hutoa neno. Mama huombea mchango kwa niaba ya jirani aliyefiwa. Kijana hugombea nafasi katika kamati ya RWC ya kijiji. Mzazi husimama katika kikao cha shule. Na siku ambayo wageni wa OPM, HCR au shirika fulani wanafika hapa Nakivale kutusikiliza, mtu mmoja huinuliwa ili aseme kwa ajili ya kijiji kizima. Huyo mmoja akisema vizuri, wote wamesema. Akipotea njiani, wote wamenyamaza, hata kama alisema kwa nusu saa.

Wengi wetu hufikiri kwamba kusema vizuri ni kipawa cha watu wachache, wale wenye sauti nene na shule nyingi. Sivyo. Musa mwenyewe alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito (Kutoka 4:10), naye akapewa Haruni ndugu yake amsaidie. Lakini fungueni kitabu cha Kumbukumbu la Torati. Sehemu yake kubwa ni hotuba za Musa huyo huyo, akisema na taifa zima baada ya miaka 40 jangwani. Kusema ni kazi inayofundishika, kama kulima au kushona. Tujifunze.

1. WASICHANA WATANO MLANGONI PA HEMA

Katika Hesabu 27 tunakutana na watu wanaofanana na sisi. Walikuwa wametoka nchi moja, hawajafika nchi nyingine, na walikaa kambini katika mahema. Kulikuwa na wasichana watano, binti za Selofehadi. Baba yao alikuwa amekufa, hawakuwa na kaka, na kwa desturi ya wakati ule ardhi iliwaendea watoto wa kiume. Wakaenda mpaka mlangoni pa hema ya kukutania. Wakasimama mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu, na mbele ya mkutano wote. Fikirini ujasiri ule!

Maneno yao yote yameandikwa katika mistari miwili tu, wa 3 na wa 4. Lakini ndani yake kuna mambo manne, yamepangwa vizuri:

a) Kilichotokea. Baba yao alifia jangwani.

b) Jibu la swali lililo moyoni mwa msikilizaji. Wakuu wangeweza kujiuliza, "Je, huyo baba hakuwa miongoni mwa waasi wa Kora?" Wasichana hawakungoja kuulizwa. Walisema wazi kwamba hakuwamo.

c) Hasara. Jina la baba yao litafutika katika jamaa yake, kwa sababu tu hakupata mtoto wa kiume.

d) Ombi. Wapewe urithi pamoja na ndugu za baba yao.

Sasa angalieni mstari wa 5. Musa hakuwajibu pale pale. Hakuwa na jibu. Alichofanya ni kulichukua neno lao na kulipeleka mbele za Bwana. Aliweza kulipeleka kwa sababu lilikuwa neno moja, fupi na lililo wazi. Kama wangemweleza mambo kumi na mawili kwa kilio, Musa angepeleka lipi? Jibu lililorudi halikuwafaa wao peke yao. Liligeuka kuwa sheria kwa Israeli yote (mstari wa 8 hadi 11).

Hapo ndipo lilipo fundisho la leo: hotuba nzuri ni ile ambayo aliyeisikia anaweza kuibeba na kumpelekea mwingine bila kuimwaga njiani.

2. KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA KWETU

Katika makazi ya wakimbizi, mwenye uamuzi mara nyingi hayupo kwenye mkutano. Anayetusikiliza ni mtumishi aliyetumwa. Maneno yetu hutoka kwenye Kiswahili, hupita kwa mkalimani, huingia kwenye Kiingereza, huandikwa kwa ufupi katika daftari, kisha huwa ripoti, kisha hufika Kampala, na pengine Geneva. Ni kama kupokezana maji kwa viganja: kila mkono hupoteza kidogo.

Tumeona mikutano ambapo mzee wetu mwema hupewa dakika tatu. Moja na nusu huisha kwa kuwasalimu wakubwa mmoja mmoja. Kisha anaanza na vita ya mwaka 1996, anaingia kwenye mgao wa chakula, anagusa dawa, shule, barabara na vijana wasio na kazi, halafu anamalizia, "na mengine mengi." Kila alichosema ni kweli. Lakini katika daftari la mgeni panaandikwa mstari mmoja: jamii ilieleza matatizo mbalimbali. Mstari huo hauwezi kuleta fundi, wala mwalimu, wala muuguzi.

Sasa tuseme mama mmoja amesimama katika mkutano huo huo na kusema hivi:

"Bomba lililo karibu na shule yetu lilikauka siku kumi na nne zilizopita. Tuliiarifu kamati ya maji siku iliyofuata. Sasa kaya 90 zinachota kwenye bomba moja, na binti zetu wanatoka nyumbani saa kumi alfajiri, gizani, kupanga foleni. Tunaomba fundi afike kabla ya Ijumaa."

Haizidi nusu dakika. Hesabuni: kilichotokea, jibu la swali ("mmemwambia nani?"), hasara, na ombi. Ni ngazi zile zile nne za binti za Selofehadi. Mgeni anaweza kuliandika neno hilo lote, na aliye Kampala atalielewa kama alivyolielewa aliyekuwa chini ya mwembe.

3. TAFUTA NENO LAKO MOJA

Kabla ya kusimama, jiulize: wakisahau yote niliyosema, nataka wakumbuke lipi? Liseme kwa sentensi moja. Kisha mwite mtoto wa miaka kumi, mwambie sentensi hiyo, umtume akamwambie bibi yake nyumba ya tatu. Bibi akilipata kama ulivyolisema, neno lako limeiva. Likifika limepinda, usimlaumu mtoto. Rudi ulinyoshe.

Kama kijiji kina shida tano, wapangeni watu watano, kila mmoja na yake. Au chagueni ile inayoumiza zaidi mwezi huu, na nyingine ziandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa mgeni.

4. SEMA KWA NAMBA, MAHALI NA SIKU

"Maji ni shida" haliwezi kubebeka, kwa sababu kila kijiji kinasema hivyo. Taja wapi, tangu lini, watu wangapi.

Inafaa pia kuvijua vipimo ambavyo mashirika yenyewe huvitumia. Katika kitabu cha Sphere, toleo la mwaka 2018, ambacho mashirika mengi ya misaada hukifuata, vipimo vya maji ni hivi: kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, maji yasiwe mbali kuliko mita 500 kutoka nyumbani, na mtu asikae kwenye foleni zaidi ya dakika 30. Kwa familia ya watu watano, lita 15 kwa kila mtu ni lita 75, yaani karibu jerikani nne za lita 20.

Rudini kwenye mfano wetu. Kaya 90 zenye watu watano kila moja ni watu 450 kwenye bomba moja. Mama akiongeza, "Tuko 450, na kipimo chenu ni 250," hajamtukana mtu wala hajapiga kelele. Ameweka jiwe la mizani mezani. Vipimo hivyo hutegemea hali ya mahali, na mgeni anaweza kueleza kwa nini havijafikiwa. Lakini sasa mazungumzo yana msingi.

5. KUSEMA KUPITIA MKALIMANI

Jambo hili linatugusa sana, mikutanoni na hata kanisani, ambapo mahubiri ya Kiswahili hutafsiriwa kwa Kinyarwanda au Kirundi. Katika Nehemia 8:4-8, Ezra alisimama juu ya jukwaa la miti ili watu wote wamwone, na Walawi wakawaeleza watu maana ya kilichosomwa hadi wakaelewa. Kazi ya kuelewesha ilikuwa ya watu wengi pamoja. Shikeni haya:

- Kutana na mkalimani kabla. Mpe neno lako kuu, majina ya mahali na namba zote. Namba ziandike kwenye karatasi, kwa kuwa ndizo hupotea haraka.

- Sema sentensi moja au mbili zilizokamilika, kisha nyamaza. Ukimmwagia hadithi ya dakika tano, atafupisha, na atakachokiacha hukichagui wewe.

- Mtazame yule unayesema naye, usimtazame mkalimani. Sema "tunaomba," si "mwambie kwamba tunaomba."

- Punguza methali. Ukisema kidole kimoja hakivunji chawa, sisi tunaelewa umoja. Mgeni anaweza kudhani mna tatizo la chawa, akaandika hivyo.

- Kumbuka muda. Dakika tatu zikipita kwa mkalimani, za kwako ni moja na nusu. Salamu na shukrani ziwe sentensi moja.

- Ukisikia amekosea, usimwaibishe. Sema kwa upole, "Naomba nirudie jambo hilo," ulirudie kwa maneno mepesi zaidi.

6. MWILI, SAUTI NA MAHALI PA KUSIMAMA

Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kinywa kukauka huwapata hata waliozoea. Si dalili ya kukosa imani wala ya kukosa akili. Mwili unajiandaa kwa kazi kubwa. Kabla ya kuinuka, vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita, mara tatu au nne. Kunywa maji kidogo. Simama kwa miguu yote miwili. Sentensi yako ya kwanza iwe kichwani, usiisome. Ukiishika ya kwanza, ya pili hufuata.

Karatasi si aibu, lakini usiandike hotuba nzima na kuinamisha uso. Andika maneno manne tu, kwa herufi kubwa, moja kwa kila ngazi: MSIBA WETU, JIBU, HASARA, OMBI. Upepo ukiichukua karatasi, maneno manne bado utayakumbuka.

Mahali nako ni sehemu ya hotuba. Bwana Yesu aliingia katika mashua akasema na umati uliokuwa ufuoni (Marko 4:1), hivyo wote walimwona na hakuna aliyemsonga. Sisi nasi tuchague mahali. Nje, simama upepo ukikupiga mgongoni, utapeleka sauti yako kwa watu. Jua lisiwapige wasikilizaji usoni. Chini ya bati au turubai wakati wa mvua, usishindane na mvua: ngoja ipungue, au sogezeni viti karibu. Tupa sauti kwa yule wa mstari wa mwisho, kama unamwita jirani kwa heshima na si kwa ugomvi. Kama kuna kipaza sauti, usikimeze, na sema polepole zaidi ya kawaida.

7. MIPAKA YA MSEMAJI

Usitie chumvi. Kaya 90 zisiwe 300. Mgeni akienda kuhesabu akakuta 90, hataamini tena hata lile lililo kweli, na kijiji kitalipa deni la ulimi wako kwa muda mrefu.

Usiseme dhidi ya kabila au taifa lingine. Hapa tunaishi Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, pamoja na wenyeji wetu Waganda waliotupokea. Bomba likiharibika, limeharibika kwa wote. Sema "kijiji chetu."

Hasira si dhambi ikiwa inaongozwa. Machozi nayo si aibu. Yakija, nyamaza, pumua, endelea. Lakini usiuache uchungu uchukue nafasi ya ombi. Watu watakuhurumia, kisha wataondoka bila kujua ulitaka nini.

Na hili mlishike sana: siri ya mtu haisemwi mkutanoni. Habari za mwanamke aliyedhulumiwa mwilini, za mtoto aliye hatarini, za mtu anayetafutwa na adui zake, hizo hupelekwa faraghani kwa wahusika wa ulinzi, tena kwa ridhaa ya mwenyewe. Anayezitangaza barazani, hata kwa nia njema, anaweza kumwongezea ndugu yake hatari. Wala mtoto asitumiwe kuwa mkalimani wa mzazi wake katika mambo ya namna hiyo. Omba mkalimani mwingine. Mama ana haki ya kuomba mkalimani mwanamke.

8. MAZOEZI YAANZE NYUMBANI

Mtu hajifunzi kuogelea siku ya mafuriko. Baada ya chakula cha jioni, mpeni mmoja wa familia dakika moja asimame na kueleza jambo moja: kilichotokea shuleni, kwa nini anahitaji daftari, kwa nini mbuzi asiuzwe. Wengine wasicheke wala wasimkatize. Akimaliza, mmoja arudie alichosikia. Kama amekirudia sawasawa, msemaji amefaulu.

Wababa, tuwape nafasi mabinti. Wapo wanaosema kwamba msichana kusimama mbele ya wazee ni utovu wa adabu. Lakini waliosimama mlangoni pa hema walikuwa wasichana, na Bwana akamwambia Musa kwamba wamesema sawa (mstari wa 7). Tena, katika shida nyingi za makazi, anayejua habari ni mwanamke. Anayeamka alfajiri kwenda bombani ndiye ajuaye foleni ina urefu gani. Kumnyamazisha ni kumtupa shahidi wetu bora.

9. RUDI KUULIZIA

Watu wengi husoma Hesabu 27 na kuishia hapo. Fungueni Yoshua 17:3-4. Miaka imepita, Musa amekwisha kufa, na nchi sasa inagawanywa. Ni nani wanaosimama mbele ya Eleazari kuhani na Yoshua? Ni wasichana wale wale watano! Waliwakumbusha viongozi kwamba Bwana alimwagiza Musa wapewe urithi. Ndipo wakapewa. Ahadi ilikuwapo tangu jangwani, lakini wao wenyewe walikwenda kuikumbusha.

Basi mkutano ukiisha, andikeni: nani alisema, nani alipokea, aliahidi nini, kwa tarehe gani. Siku hiyo ikifika, mtumeni mtu yule yule, aseme kwa adabu, "Tarehe fulani tulieleza habari ya bomba, mkasema mtarudi. Tumekuja kuulizia." Watumishi wa mashirika hubadilishwa mara kwa mara, na huyu mpya huenda hajui alichoahidi wa kwanza. Kumbukumbu ikae kwetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Someni tena Hesabu 27:3-4. Kila mmoja ataje ngazi nne kwa maneno yake mwenyewe.

2. Ni swali gani ambalo wageni huwa nalo moyoni wanapotusikiliza, na sisi hatulijibu mapema?

3. Katika kijiji chenu, ni shida gani moja mngeibeba mwezi huu? Iandikeni kwa sentensi moja, yenye mahali, siku na namba.

4. Ni nani katika familia yenu hajawahi kusimama kusema? Mpeni dakika moja jioni ya leo.

Tuombe: Bwana atufungue vinywa vyetu, atupe maneno machache yaliyo ya kweli, na awape moyo wa kusikia wale walio na mamlaka ya kutenda. Amina.